Nakesha nikipanga tasnifu za wanafunzi: niokoeje muda?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina steshenari karibu na geti la chuo. Tunatoa kopi na tunabaindi, lakini kazi inayonilipa zaidi ni kupanga tasnifu za wanafunzi. Wiki iliyopita nilipokea tasnifu ya Kiswahili ya kurasa 140. Nikaipanga, ikaenda kwa msimamizi, ikarudi na marekebisho matatu: vichwa vya sura vikae katikati kwa ukubwa wa 14, nafasi kati ya mistari iwe 1.5 badala ya 2, na kurasa za mwanzo zipewe namba za Kirumi. Matatu tu, lakini nimekesha siku mbili, na nilipomaliza Yaliyomo hayakulingana tena na kurasa. Naomba unifundishe njia za mkato za kibodi ili mkono uwe mwepesi. Pia niambie kama Word 2010 niliyonayo imepitwa na wakati, maana nawaza kukopa ninunue kompyuta mpya.

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kukesha.

Njia za mkato nitakupa, lakini mkono wako hauna tatizo. Mtu aliyepanga kurasa 140 kwa mkono mara mbili ndani ya wiki moja ana mkono mwepesi kuliko wangu. Kilichokukesha ni kwamba kompyuta haijui kichwa cha sura ni kipi katika faili ile. Wewe unakijua kwa macho, kwa kuwa ni kinene na kimekaa juu ya ukurasa. Yenyewe inaona aya kama aya nyingine, iliyopakwa wino mwingi. Ndiyo maana msimamizi akisema "vichwa vyote vya sura" inakubidi uvifuate kimoja kimoja, na kimoja lazima kitakuponyoka.

Mwangalie fundi wa sare za shule mwezi wa Desemba. Hachori kila shati upya. Ana karatasi ngumu za kukatia, moja kwa kila saizi, na kola ikibadilika anabadilisha karatasi. Karatasi hizo katika Word zinaitwa Styles, mimi naziita staili. Si kitu kigeni wala kipya: Word ilitoka mwaka 1983, na staili zilikuwemo tangu enzi za DOS. Tumezikwepa tu. Nadhani sababu kubwa ni ile rangi ya bluu. Mtu anabofya Heading 1 kwa mara ya kwanza, kichwa kinageuka bluu na fonti nyingine kabisa, anaogopa, anarudisha, na hagusi tena maisha yake yote.

Majina ya vitufe nitayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini yako, usije ukahangaika kuyatafuta.

Tuanze na hiyo faili iliyokukesha. Kabla ya lolote, hifadhi nakala kwa jina jingine. Kisha bonyeza Ctrl+Shift+8. Skrini itajaa vidoti, vishale na alama inayofanana na P iliyogeuka. Usishtuke, hazichapwi. Kidoti ni nafasi, kishale ni Tab, na ile P ni mahali mtu alipobonyeza Enter. Ukiona vidoti kumi na tano mbele ya kichwa, ujue mwanafunzi alikipeleka katikati kwa kubonyeza nafasi. Ukiona P nane zimepangana wima, alikuwa anasukuma sura mpya iende ukurasa unaofuata. Hayo ni mazoea ya taipureta, na sisi wazee ndio tuliyaleta: waliosoma uhazili Tabora enzi zile walifundishwa hivyo, na kwenye taipureta ilikuwa sahihi kabisa. Kwenye kompyuta ukiongeza sentensi moja sura ya kwanza, zile P nane zinasogea na kichwa cha sura ya pili kinaangukia katikati ya ukurasa. Mimi siku hizi sipokei kazi wala kutaja bei kabla sijabonyeza Ctrl+Shift+8 mbele ya mteja. Alama zile huniambia kazi ina uzito gani.

Kusafisha ni kazi ya Ctrl+H. Kwenye kisanduku cha juu weka nafasi mbili, cha chini nafasi moja, kisha Replace All. Rudia mpaka ikuambie imebadilisha sifuri. Halafu juu andika nafasi ikifuatiwa na ^p (kwenye kisanduku hiki ile P huandikwa hivyo), chini ^p peke yake. Hiyo inaondoa nafasi zilizobaki mwishoni mwa aya. Mwisho, juu ^p^p, chini ^p, nayo rudia mpaka ziishe. Wakati mwingine hubaki moja au mbili zisizoisha hata ukibofya mara ishirini, mara nyingi mwisho wa faili au kando ya jedwali. Ziache. Kabla ya hatua hii ya mwisho, pitisha macho kwenye ukurasa wa jina la tasnifu, kwa sababu ule hutegemea Enter nyingi na utabanana wote juu. Utaupanga tena kwa dakika mbili, bora usikushtue.

Kama sehemu ya kazi ilinakiliwa kutoka PDF, utakuta P mwisho wa kila mstari badala ya kila aya. Ukizifuta zote, aya zote zinaungana kuwa uji. Dawa yake ina hatua tatu, na ifanywe kabla ya kufuta ^p^p. Kwanza geuza ^p^p kuwa alama isiyotumika popote katika kazi, mimi hutumia ##. Pili geuza ^p kuwa nafasi moja. Tatu rudisha ## kuwa ^p. Hakikisha umechagua kipande hicho peke yake, usije ukapitisha faili zima, na Word ikiuliza kama iendelee na sehemu iliyobaki, kataa.

Sasa vichwa. Hapa ndipo siku zako mbili zilipopotelea. Weka kishale kwenye kichwa kimoja cha sura, nenda Home, upande wa kulia kabisa bofya Select, kisha mstari unaosema Select All Text With Similar Formatting. Word itachagua kila kilichopangwa kama hicho katika kurasa zote 140. Bonyeza Ctrl+Alt+1. Vyote vimekuwa Heading 1. Fanya hivyo kwa vichwa vidogo, kisha Ctrl+Alt+2, na vya chini yake Ctrl+Alt+3. Kwa kuwa faili ilipangwa kwa mkono, haitakamata vyote kwa mara moja. Vile vilivyopewa ukubwa wa 13 kwa bahati mbaya vitabaki nje, navyo utavikamata kwa raundi ya pili. Angalia tu isije ikabeba maneno mazito yaliyo ndani ya aya. Ukimaliza, bonyeza Ctrl+F, dirisha dogo litafunguka kushoto, bofya sehemu ya vichwa. Mifupa yote ya tasnifu itaonekana hapo, na kichwa kilichokosekana utakigundua mara moja, kama jino lililong'oka. Katika dirisha hilohilo unaweza kukamata kichwa kwa kipanya ukakiburuta juu au chini, na sehemu yote iliyo chini yake ikahama nacho. Wasimamizi wanaopenda kusema "2.3 iende kabla ya 2.2" hawanisumbui tena.

Vichwa sasa ni vya bluu. Vizuri. Kwenye orodha ya staili iliyo Home, bofya Heading 1 kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Modify, weka Times New Roman, 14, nzito, nyeusi, katikati. Chini kushoto kuna kitufe cha Format. Kupitia hapo ingia Paragraph, kisha Line and Page Breaks, tia alama kwenye Page break before. Kuanzia hapo kila sura itafungua ukurasa wake yenyewe, hutabonyeza Enter nane wala Ctrl+Enter. Bofya OK. Marekebisho ya kwanza ya msimamizi yamekwisha. Akibadilisha mawazo kesho akataka 16, unarudi Modify, sekunde kumi. Kwenye dirisha hilo kuna kisanduku cha Automatically update: usikitie alama hata kidogo, kwa sababu utakapogusa kichwa kimoja vingine vyote vitafuata bila kukuuliza. Na uchaguzi wa chini uache kwenye Only in this document. Kila chuo kina mwongozo wake, hutaki sheria za chuo kimoja zivamie kazi ya mwanafunzi wa chuo kingine.

Nafasi ya 1.5: kishawishi ni kubonyeza Ctrl+A kisha Ctrl+5, na kweli inafanya kazi. Ctrl+1 ni nafasi moja, Ctrl+2 ni mbili, Ctrl+5 ni moja na nusu. Lakini Ctrl+A haibagui. Majedwali yatavimba, vichwa vitavimba, nukuu ndefu ambazo mwongozo unataka zibanwe nazo zitavimba, na utarudi kuzibana moja moja. Iwekee matini staili yake. Ipo tayari, inaitwa Body Text. Kama huioni, Ctrl+Alt+Shift+S inafungua orodha ndefu. Ipe 1.5, mistari inyooke pande zote mbili, na kwenye After weka pointi 12 ili aya ziachane bila Enter ya ziada. Kisha tumia ile Select ya awali kuchagua aya zote za kawaida na kuzipa staili hiyo. Ile staili mama, Normal, mimi huigusa kwa mambo mawili tu, fonti na lugha. Staili nyingi zinazaliwa nayo, ukiipa nafasi ya mistari na majedwali yanarithi.

Hapo kwenye fonti nikueleze jambo linalowachanganya wengi. Katika Word 2003, faili mpya ilifunguka ikiwa na Times New Roman ya 12. Toleo la 2007 likaleta Calibri ya 11, mistari ikiwa na 1.15 na pointi 10 baada ya kila aya. Toleo la 2013 likashusha kuwa 1.08 na pointi 8. Sasa matoleo mapya yanafungua na Aptos. Mwanafunzi wako aliandika sura ya kwanza kwenye laptopu yake, ya pili kwa rafiki, ya tatu kwenye simu, akaziunganisha kwenye flashi. Ndiyo maana aya mbili zenye fonti moja na ukubwa mmoja bado hazifanani kwa macho na hujui kwa nini. Usihangaike kutafuta tofauti. Chagua aya korofi, bonyeza Ctrl+Q, inavua mapambo yote ya aya na kuirudisha kwenye staili yake. Ctrl+Space inafanya hivyohivyo kwa herufi, lakini hiyo itumie kwa woga: inavua na herufi za mlazo. Ukiibonyeza juu ya Marejeleo, majina yote ya vitabu yatasimama wima, na mwenye kazi hatakusamehe.

Nimefika kwenye tatizo ambalo wenzetu wanaochapa Kiingereza hawana. Kwenye Multilevel List, chini ya Home, unaweza kuiambia Word ijiandikie "Chapter One, Chapter Two" yenyewe, kwa sababu inajua kuhesabu kwa maneno ya Kiingereza. "Sura ya Kwanza, Sura ya Pili" haijui. Kwa hiyo watu wengi huandika namba zote kwa mkono, 1.1, 1.2, 1.2.1, mpaka mwisho wa kitabu, halafu msimamizi akiondoa 2.2 wanaanza kuhesabu upya. Njia ni hii. Katika Multilevel List chagua mpangilio ulioandikwa Heading 1, Heading 2, Heading 3 ndani yake. Rudi hapohapo, bofya Define New Multilevel List. Kwenye ngazi ya 1, futa kila kitu katika kisanduku cha namba, kibaki kitupu. Ngazi ya 2 iache ionyeshe 1.1, ya 3 ionyeshe 1.1.1. Namba ya sura haitaonekana, lakini Word inaendelea kuihesabu kimyakimya, na vichwa vidogo vya sura ya nne vitaanza na 4.1 bila wewe kugusa. Maneno SURA YA KWANZA yaandike mwenyewe. Ni matano au sita tu kwa tasnifu nzima, hayaumi. Baada yake bonyeza Shift+Enter, siyo Enter, kisha andika UTANGULIZI. Shift+Enter inashusha mstari bila kuanza aya mpya, hivyo kichwa cha mistari miwili kinabaki kichwa kimoja, na kwenye Yaliyomo kitaingia mara moja. Zile namba alizoandika mwanafunzi kwa mkono utazifuta, la sivyo utapata 1.1 1.1.

Na vile vichwa vya mwanzo, Ithibati, Ikirari, Shukurani, Tabaruku, Ikisiri? Ukivipa Heading 1 navyo vitahesabiwa kama sura, na sura yako ya kwanza itaanza na 6.1. Niliwahi kutuma kitabu kwa mwandishi kikiwa hivyo, akanipigia simu akicheka. Vitengenezee staili yao. Iga mwonekano wa Heading 1 kwa macho, iite Kichwa cha Mwanzo, na kwenye Format, Paragraph, mahali pa Outline level chagua Level 1. Itaingia kwenye Yaliyomo lakini haitahesabiwa.

Namba za Kirumi zinahitaji ukuta kati ya kurasa za mwanzo na sura ya kwanza. Weka kishale mwisho kabisa wa ukurasa wa mwisho kabla ya sura ya kwanza, nenda Page Layout, Breaks, kisha Next Page iliyo chini ya Section Breaks. Ile ya juu inayoitwa Page haifai, inahamisha ukurasa tu bila kujenga ukuta. Kama ukurasa mtupu umejitokeza, ni kwa sababu P tupu imebaki kati ya ukuta na kichwa cha sura, na Heading 1 yako tayari ina Page break before. Ifute P hiyo, yatosha. Sasa bofya mara mbili mguu wa ukurasa wa sura ya kwanza. Juu utaona Link to Previous imewaka. Izime. Hii ndiyo hatua ambayo watu huruka, halafu wanashangaa kila wakiweka 1 huku, i ya kule inageuka. Baada ya kuizima, nenda Page Number, Format Page Numbers, Start at 1. Rudi kwenye sehemu ya mwanzo, Format Page Numbers, chagua i, ii, iii. Ukurasa wa jina usionyeshe namba: tia alama Different First Page.

Yaliyomo sasa ni kazi ya kubofya mara mbili. Futa uliyoandika, pamoja na vile vinukta ulivyobonyeza kwa kidole mpaka ukingo wa karatasi (najua ulivibonyeza, na mimi nilivibonyeza miaka mingi). References, Table of Contents, chagua Custom au Insert, OK. Andika YALIYOMO juu yake. Kila utakapobadilisha kitu, weka kishale ndani yake, bonyeza F9, chagua Update entire table. Usirekebishe namba ya ukurasa ndani ya Yaliyomo kwa mkono hata kama inakukera, F9 inayofuata itaifuta. Orodha ya majedwali ni hivyohivyo: kwenye Insert Caption bofya New Label, andika Jedwali, na siku nyingine Kielelezo. Word itakuwekea Jedwali 1, Jedwali 2, kwa Kiswahili bila kinyongo. Jedwali likivuka ukurasa, chagua safu yake ya juu, kwenye Layout ya jedwali bofya Repeat Header Rows. Basi kwa majedwali.

Mambo mawili ya lugha yetu. La kwanza ni ile mistari myekundu chini ya kila neno. Inachosha macho, na inaficha makosa ya kweli. Ingia Modify ya Normal, Format, Language, chagua Kiswahili. Matoleo mengine yameandika Swahili. Hata kama kamusi yake haimo kwenye mashine yako, wekundu utaondoka, kwa kuwa Word itaacha kuyapima maneno yako kwa kamusi ya Kiingereza. La pili ni kile kikoma cha juu cha ng'ombe na ng'ambo. Maneno yaliyotoka WhatsApp yana kikoma kilichosimama wima, na uliyochapa mwenyewe kwenye Word yana kilichopinda, basi ndani ya tasnifu moja unapata ng'ombe wa aina mbili. Fungua Ctrl+H, juu weka kikoma hicho, chini kikoma hichohicho, Replace All. Inaonekana kama upuuzi kubadilisha kitu kwa kitu kilekile, lakini Word inapokiandika upya inakipinda, mradi hukuzima ile desturi yake ya kupinda alama za nukuu. Alama hizo fanyia vivyo hivyo.

Marejeleo yana utamu wake. Wanafunzi huandika mstari wa kwanza, Enter, Tab, mstari wa pili. Wewe unganisha kila rejeleo liwe aya moja, chagua yote, bonyeza Ctrl+T: mstari wa kwanza unabaki ukingoni na inayofuata inaingia ndani. Yakiwa bado yamechaguliwa, bofya kile kitufe cha A-Z kilichopo Home. Yamejipanga kialfabeti. Nimeona watu wakipanga marejeleo 90 kwa kukata na kubandika, saa nzima, huku kitufe kile kinawatazama.

Njia za mkato ulizoniomba, zile ambazo vidole vyangu vinazitumia kila siku: Shift+F3 inageuza herufi ndogo kuwa kubwa na kurudi. F4 inarudia ulichofanya mwisho. Alt+Shift pamoja na mshale wa juu au chini inahamisha aya nzima bila kukata. Shift+F5 inakurudisha mahali ulipokuwa unachapa. Ctrl+Shift+Space inaweka nafasi isiyokatika, nzuri kwa "uk. 45" na "Sh. 5,000" ili namba isibaki peke yake mstari wa chini. Ile brashi ya Format Painter ukiibofya mara mbili inabaki mkononi mpaka ubonyeze Esc, lakini ukishazoea staili utaishika mara chache. Zaidi ya hizo usijitese kuzikariri.

Siku nyingine usianze na faili la mwanafunzi. Ukimaliza hii, futa matini yote, bakiza staili, pambizo na kuta za namba, kisha hifadhi kwa F12 ukichagua Word Template. Tengeneza moja kwa kila mwongozo wa chuo unaoletewa mara nyingi. Kazi mpya ikija, bofya kiolezo mara mbili, kitafungua faili jipya, bandika matini ndani. Wakati wa kubandika utaona vitufe vidogo: Merge Formatting ndiyo ninayoitumia, kwa sababu inachukua sura ya kiolezo lakini inabakiza maneno mazito na ya mlazo. Keep Text Only ni safi mno. Inaondoka na mlazo, picha na tanbihi zote, na tanbihi zikishapotea hutaziona mpaka mwenyewe aziulize.

Kabla ya kupeleka mashine ya kuchapia, hifadhi kama PDF. Mashine isiyo na fonti yako itaweka nyingine, mistari itasogea, na Yaliyomo uliyoyahangaikia yataonyesha kurasa za uongo. Nashuku hilo nalo lilichangia yaliyokukuta.

Kuhusu mkopo, uache. Niliyokuandikia yote yamo kwenye Word 2010. Tofauti utakayoiona kwenye matoleo mapya ni kwamba Ctrl+Shift+V inabandika matini tupu, wakati kwako inabandika mapambo uliyonakili kwa Ctrl+Shift+C. Page Layout nayo inaitwa Layout. Mteja akija na LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, jihadhari na kitu kimoja: kule Ctrl+1 inaweka Heading 1, kwako inaweka nafasi moja ya mistari. Kama hela ya kuongeza kwenye duka ipo, nunua skrini kubwa, uione kurasa mbili kwa pamoja.